Boksi la Bi Mistari

Ofisini walimwita Bi Mistari, na jina hilo alilipata kwa ubishi. Mtu akimletea slaidi zenye mishale iliyopinda na maboksi yaliyolaliana, hakumwacha aondoke salama. "Ukuta si kioo cha kompyuta yako," alikuwa akiwaambia. "Mstari mwembamba wa kijivu unauona hapa, ukifika ukutani umeshaliwa na mwanga. Na mstari usioonekana ukutani haupo." Walimcheka, lakini kila penye kikao walirudi kwake, wakubwa kwa wadogo.

Miaka kumi na mmoja aliitumikia ofisi ile kwa mikataba ya miezi sita sita. Watu aliowafundisha hata kuwasha projekta waliajiriwa, wakapewa vitambulisho vya kudumu. Chake kiliandikwa MUDA kwa herufi nyekundu, na mlinzi wa getini, ambaye naye aliajiriwa akamkuta pale, bado alimwandikisha kwenye daftari la wageni. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na lake lilishaumia hata likazoea.

Ndipo mkurugenzi akamwita.

"Dada, Alhamisi bodi inakuja kupitisha muundo mpya wa ofisi. Nichoree ule mchoro wa vyeo. Na safari hii na wewe jiweke."

"Nijiweke wapi, bosi?"

"Hapa, chini yangu. Mtayarishaji wa mawasilisho. Boksi lako litie mistari ya kukatika-katika, maana bado ni pendekezo. Nitawaeleza mwenyewe. Wakikubali, unaunganisha mistari, unakuwa mtu wa kudumu. Hiyo ni ahadi yangu."

Alirudi mezani miguu haigusi chini. Maboksi ya wenzake aliyamaliza kwa saa moja: buluu iliyokoza, ukingo mnene, yote yamekaa sawasawa. La kwake lilimla mchana kutwa. Alilitia buluu, akaona anajipendekeza, akaitoa. Ukingo akaupunguza unene, akaupunguza tena, hadi ukawa uzi. Nyeusi nayo aliiona inapiga kelele, akaweka kijivu, kisha kijivu chenyewe akakififisha, pamoja na maandishi. Hakutaka mtu aseme mchoraji kajichora mkubwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama mpaka kidevu kikagusa sakafu. Mstari wa kumuunganisha na mkurugenzi tu ndio aliouacha mnene kama mingine, kwa kuwa ulitoka kwenye boksi la bosi, na cha bosi hakiguswi.

Nyumbani alimsimulia mumewe, fundi cherehani, aliyekuwa akishona sare za shule.

"Mistari ya kukatika-katika," mumewe akasema, akimwonyesha pindo alilolishikiza kwa uzi mweupe. "Kama hii. Unashikiza kwanza, halafu unashona jumla. Sasa mke wangu wanakushona jumla."

Wakacheka. Miaka mingi hawakuwa wamecheka hivyo juu ya jambo la ofisi ile.

Alhamisi chumba cha mikutano kilijaa. Bi Mistari alikaa pembeni kwenye kompyuta, kama kawaida yake, mkono juu ya kipanya. Mchoro ukatokea ukutani. Maboksi yote yaling'ara. Chini ya mkurugenzi ulishuka mstari mmoja mnene, ukaishia hewani. Boksi lake halikuwapo. Projekta ilikuwa imelila, uzi wake, kijivu chake na haya zake zote. Kweli mganga hajigangi.

"Mkurugenzi," mwenyekiti wa bodi akauliza, "huo mstari unakwenda wapi?"

Hapo ndipo palikuwa pa mkurugenzi kutimiza ahadi. Akautazama ukuta, akamtazama mwenyekiti, ambaye asubuhi nzima alikuwa akilalamika kwamba vyeo vimezidi.

"Nadhani ni kosa la uchoraji, mheshimiwa."

Bi Mistari alimsubiri amalizie. Hakumalizia. Basi akatoka kwenye onyesho, akarudi kwenye uchoraji mbele ya macho yao. Akabofya penye pengo. Unene, akaupandisha hadi mwisho. Rangi, nyeusi. Maandishi, meusi. Boksi likatokea ukutani, kubwa, na mistari yake ya kukatika-katika.

"Mtayarishaji wa mawasilisho," mwenyekiti akasoma. "Hiki cheo kimetoka wapi?"

Mkurugenzi akacheka kicheko cha kuazima. "Dada huyu kajisahau, mheshimiwa. Kajiongeza mwenyewe."

Meza nzima ikacheka. Ahadi ni deni kwa mwenye haya, na mkurugenzi haya hakuwa nazo. Bi Mistari akaona aibu kama aliyekamatwa na cha mtu.

"Litoe, dada," mkurugenzi akamwambia, bila kumtazama.

Akalibofya, akalifuta. Kubofya kumoja tu. Miaka kumi na mmoja ikaondoka, na mstari ukabaki ukining'inia.

"Na huo mstari?" mwenyekiti akauliza.

"Huo si wangu, mheshimiwa," Bi Mistari akasema, akisimama. "Unatoka kwenye boksi lake. Muulizeni yeye."

Akavua kitambulisho shingoni, akakilaza juu ya kipanya, akatoka. Hakuna aliyemwita.

Jioni mhudumu wa chai alipita nyumbani kumrudishia mwavuli aliousahau. Akasimulia, akijishika mbavu, jinsi mabosi walivyong'ang'ania kipanya kwa zamu. Kila aliyejaribu kuushika ule mstari alikamata boksi la mkurugenzi. Wakaliburuta huku, wakaliburuta kule, mstari ukalifuata popote lilipokwenda, mpaka mwenyekiti akasema wazime tu.

Bi Mistari alicheka, na kicheko kikamwachia ladha ya shubiri mdomoni. Kesho hakuwa na pa kwenda.

Mhudumu alipoondoka, mumewe, aliyekuwa akisikiliza huku akishona, akauliza taratibu:

"Kwani hilo boksi ulilitia rangi gani hata lisionekane?"

"Kijivu. Kilichofifia."

Cherehani ikanyamaza.

"Wewe?" akasema mumewe.

"Mimi."