Milioni Moja na Moja

Fundi Namba alistaafu, kisha akafiwa na mkewe, na nyumba ikabaki na sauti ya friji tu. Kazi ya maisha yake ilikuwa kupanga magurudumu yanayopiga namba za mfululizo kwenye mashine ya kiwanda cha chapa. Yeye na kaka yake walichapa kadi za hospitali, benchi moja. Saa ya mapumziko wenzao walicheza karata. Hawa wawili walivunja namba. Mmoja anaitaja iliyo kwenye mashine, mwenziwe anatafuta inagawanyika kwa ngapi. Wendawazimu, ndiyo, lakini wendawazimu wa wawili una raha yake.

Mwaka wa kumi na moja huu hawasemezani. Siku mashine ilipofika 1,000,001, Fundi Namba alichukua karatasi, akaigawa kwa mbili, tatu, tano, saba, akaendelea na namba tasa zote mpaka tisini na saba. Kila mara kikabaki kitu. Akatangaza mbele ya karakana nzima kwamba hiyo nayo ni tasa, haigawanyiki.

"Umeishia njiani, mdogo wangu," kaka akasema. "Namba kubwa hivyo, lazima ufike karibu na elfu."

Watu wakacheka. Hasira zikampanda Fundi Namba. "Wewe wa darasa la nne utanifundisha nini?"

Kaka aliacha shule darasa la nne ili mdogo wake asome. Tena ndiye aliyemfundisha kugawa. Alifunga kisanduku chake cha vifaa, na kesho yake akaomba kuhamia tawi la mbali. Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi.

Asubuhi moja, akipangua vifaa vya zamani kwa kukosa la kufanya, Fundi Namba akaiona karatasi ileile ya siku ya ugomvi. Mstari wa mwisho: tisini na saba, baki ishirini na nane. Akachukua kalamu, akajaribu tasa inayofuata, mia moja na moja. Baki sifuri. Akarudia. Sifuri. Alikuwa amempoteza ndugu yake, na mstari mmoja tu ulikuwa umebaki!

Simu aliishika, akaiweka, akaishika tena. Aliomba isipokelewe. Ikapokelewa.

"Kaka, ni mia moja na moja. Mara elfu tisa mia tisa na moja."

"Najua," kaka akasema. Sauti ilikuwa imezeeka. "Niliipata jioni ileile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesikia?"

Mzee mzima akalia. "Nisamehe, kaka. Lile neno la darasa la nne."

Kaka akakohoa kwa muda mrefu. "Hiyo elfu tisa mia tisa na moja, umeivunja?"

"Bado."

"Haya, ivunje. Safari hii namba ni ndogo; ukifika tisini na saba simama, panatosha. Halafu unipigie."

Kaka alikuwa na jibu tayari, hilo Fundi Namba alilijua vizuri. Lakini tangu msiba wa mkewe hapakuwa na mtu aliyengoja simu yake. Akapangusa meza, akavuta kiti, akaanza na mbili.