Sikio la Kushoto la Emiliana

Asubuhi moja Emiliana aliamka sikio la kushoto limekufa. Halikuuma. Lilivuma tu, kama mashine ya kusaga ya kijiji cha pili. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Butihinda, mwanamke aliyekulia ng'ambo ya mpaka, Tanzania, na hakuwa mtu wa kudekeza mwili.

Mumewe, Egidius, alisema ni mafua, litazibuka lenyewe. Muuguzi wa zahanati alisema ni nta, akalipiga maji hadi gauni likalowa. Nta haikutoka, maana haikuwepo. Akarudi, akapewa matone. Akarudi tena, akaambiwa apunguze mawazo.

"Kwani mawazo yangu yako upande wa kushoto tu?" aliuliza. Muuguzi akaita mgonjwa mwingine.

Wiki ya pili ndipo alipomfikia daktari mjini Muyinga. "Sikio likizima ghafla hivi, mtu anakuja siku ileile, mama. Ulikuwa wapi?"

Emiliana akamhesabia kwa vidole: mafua, nta, matone, mawazo. Akapewa vidonge aanze hapohapo, akaelekezwa Gitega kupimwa mshipa wa fahamu wa sikio.

Huko Gitega, mpimaji aitwaye Fatuma alimlaza kitandani, akambandika nyaya kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, akamvika visikilizio.

"Nikisikia ninyooshe mkono?"

"Hapana, mama. We lala tu. Mashini iko inauliza ubongo yenyewe."

Sauti zikaanza, ta-ta-ta, kama bisi zikipasuka chunguni. Mara Fatuma akasimamisha.

"Mama, we iko unakaza shingo. Mashini inaona misuli tu. Tulia."

"Nimetulia."

"Meno iko inasagana."

Emiliana akafumba macho. Alikuwa ameambiwa asubiri, avumilie, apunguze mawazo; sasa hata hasira, kitu pekee alichobaki nacho, ilikuwa inaharibu kipimo. Akajilazimisha kutulia, ikawa balaa zaidi. Mwishowe Fatuma akazima taa.

"Basi sinzia kidogo. Umetoka mbali."

Uchovu wa safari ukamchukua. Alipoamshwa, kipimo kilikuwa kimekwisha.

Daktari wa Gitega alimwonyesha mistari. Ya kulia ilikuwa na vilima vizuri. Ya kushoto ilikuwa na vilima vidogo, tena vilitokea kwa sauti kubwa tu. "Lakini vimepangana sawa. Njia ya kwenda kwenye ubongo inaonekana nzima. Ubovu uko ndani ya sikio lenyewe. Laiti ungewahi dawa."

"Niliwahi," Emiliana alisema. "Dawa ndiyo iliyochelewa."

Vidonge alivimaliza. Mvumo ukapungua, sauti nene zikarudi. Maneno hayakurudi vizuri. Darasani aliwahamishia upande wa kulia watoto wenye sauti ndogo.

Nyumbani, Egidius alimwambia amshukuru Mungu, amebakiwa na moja zima. Emiliana alimtazama, akaenda kujilaza, akalikandamiza lile zima kwenye mto huku mumewe akiendelea kusema.