Posa Iliyokwama Kichochoroni

Mimi Dafrosa siogopi mtu mwenye sauti kubwa. Nimezaliwa Kigoma, nimeolewa Lubumbashi, nazeekea Schaerbeek, hapa Brussels; sauti kubwa nimezisikia za kila aina. Ubaya wa Papa Tshibangu, baba yake Océane, ni kwamba huongea taratibu. Wiki ya posa alinipigia simu akasema, kwa upole kama mtu anayekuombea dua:

"Maman Dafrosa, bakuye avant quatorze heures. Kama ile saa inapita na mukubwa wenu hajaikala mu salon yangu, bon, nitajua ile famille haina sérieux. Mutoto wangu hakosi bantu ba kumuoa."

Saa nane mchana, basi. Na hao watu wa kumwoa nilikuwa nawajua: ni mmoja tu, kijana wa ofisini kule kwenye maghorofa ya Gare du Nord, suti na mkoba. Antoine wetu ni mtoto wa shemeji yangu, nimemlea mwenyewe. Kiangazi anakata nyasi, majira ya baridi anasukuma theluji kwenye maegesho ya watu. Papa Tshibangu humwita "jardinier", mtunza bustani, kama mtu anayetaja ugonjwa. Océane suti haitaki, anamtaka Antoine, na alishalia mpaka macho yakavimba. Lakini kwa baba yake binti hana neno mpaka wageni wameketi.

Siku ikafika, ikaja na theluji. Tena si ile nyepesi inayopeperuka, ni ile nzito yenye majimaji, inayonata kama ugali mbichi. Nyumba ya Papa Tshibangu iko mwisho wa kichochoro cha watu binafsi, kimepanda mlima, magari ya manispaa hayatii mguu. Sisi wengine tungepanda kwa miguu tukacheka. Tatizo ni Papa Ghislain, babu yake mdogo Antoine, mshenga wetu, aliyepasuliwa nyonga na anatembelea magongo. Kwenye theluji ile angevunjika upya. Na bila yeye kuketi kwanza, hakuna wa kufungua mdomo. Posa ndivyo ilivyo.

Antoine alikuwa ametangulia na trekta lake dogo lenye bamba la chuma mbele. Akasukuma kidogo, theluji ikaganda kwenye bamba. Akasukuma tena, ikaganda juu ya iliyoganda. Baada ya muda mfupi bamba halikuonekana, trekta likawa limebeba bonge la theluji linalosukuma theluji nyingine, magurudumu yanazunguka palepale.

Juu, dirisha likafunguliwa. Mashangazi wa Océane wakajazana, na mbele yao Maman Mbombo, dada yake Papa Tshibangu, simu mkononi anarekodi.

"Mukwe," akaita, "uko unasonga bukari ama unafungua njia?"

Wakacheka huko juu. Mimi nikakasirika mpaka masikio yakapata moto, na kwa baridi ile ilikuwa neema. Lakini neno bukari likanipa akili. Bukari ni ugali, na ugali kila mwanamke anajua: bakuli ukililowesha maji kwanza, haugandi. Antoine alikuwa nyuma anachimbua gurudumu. Nikachukua chupa ya chai ya Papa Ghislain iliyokuwa na maji ya moto, nikapangusa theluji ya juu juu, nikalimwagia bamba lote.

"Maman, hapana, usimwange mayi," akasema Antoine, lakini nilikuwa nimeshamaliza.

Chuma kilikuwa kimelala nje usiku kucha. Maji yakageuka barafu mbele ya macho yangu, na theluji iliyofuata ikashika kama imepigwa gundi. Dirishani wakapiga vigelegele. Nani angejua? Ugali haugandi, theluji inaganda. Huo ni ukorofi wa theluji, si wangu.

Antoine hakunifokea. Alibandua barafu kwa sepetu, akalikausha bamba kwa skafu yake, ile mpya ya posa.

"Dawa yangu ya kupuliza imeisha asubuyi," akasema. "Inaomba lame, ile bamba, ibakie kavu, alafu ipakaliwe mafuta nzito, ile yenye haigande. Maman, saa iko inaenda."

Sauti ilimtetemeka. Mtoto yule nimemfuta makamasi, sijawahi kumsikia akiongea hivyo.

Nikafungua mkoba, nikatoa kikopo changu cha vaseline. Hakuna mwanamke wa kwetu anayetoka nyumbani na baridi ya Brussels bila kikopo, labda awe anataka kusemwa. Antoine akapaka kona moja ya bamba, akasukuma. Kona ile ikatoka inang'aa, theluji inateleza pembeni yenyewe, na sehemu nyingine zote zimeganda vilevile. Jibu tukawa nalo, kikopo kikawa kimeisha. Duka la Mturuki pale pembeni limefungwa, mwenyewe kakwama kwao. Wanaume wa msafara wetu nikawapekua mifuko: simu na bazoka za kutafuna tu. Wanaume bwana.

Nikatazama dirishani. Mashangazi wote wale, kila mmoja na mkoba wake.

Nikamnong'oneza Antoine akasimame chini ya dirisha la bafu. Kisha nikavua glovu, nikajisugua theluji mikononi na usoni, nikapanda kwa miguu. Mwanamke anaruhusiwa kutangulia na salamu. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimepauka kama nimetumbukia kwenye gunia la unga.

Papa Tshibangu alikuwa ameketi chini ya saa ya ukutani. "Karibu, Maman Dafrosa. Mukubwa wenu iko wapi?"

"Yuko njiani, papa."

"Njia gani?" akauliza, taratibu. Nikaenda zangu jikoni.

Mashangazi waliponiona wakashika vichwa. "Maman," akasema Mbombo, "unapauka hivi na unaingia kwa bantu? Utatupatisha haya. Pakala mafuta."

"Ngozi ya Kigoma inakunywa, wifi."

Akanipa kikopo chake. Nikapaka tone, nikalalamika. Mwingine akatoa chake, na mwingine, na mwingine, huku wanacheka machozi yanawatoka. Nikasema magoti nayo yamepasuka, jamani, nisitiriwe bafuni. Nikavikusanya vyote kwenye kitenge. "Ata magoti," Mbombo akawa anarudia, anajishika mbavu.

Bafuni nikafungua dirisha. Antoine alikuwa chini. Nikadondosha kikopo kimoja kimoja kwenye theluji laini, huku najisifu moyoni. Nilipofungua mlango nitoke, nikakutana na Maman Alphonsine, mama yake Océane, amesimama ukumbini na kanga ya kuogea. Ni mwanamke mpole, haongei sana. Mkononi ana kopo kubwa la mafuta ya kakao, lile la nyumba nzima.

"Magoti yako inakunywa sana," akasema. "Kamata na hii."

Hakucheka. Nikapokea, nikasema moyoni, masikini, huyu naye mjinga. Kopo likafuata wenzake.

Nilikuwa jikoni nadaiwa vikopo, nasema viko bafuni, jamani, haraka ya nini, ndipo tukasikia trekta. Linapanda. Tukaenda dirishani wote. Bamba linang'aa kama paji la uso la bwana harusi, theluji inajiviringisha inaangukia kando, na nyuma yake gari la Papa Ghislain linakuja polepole. Mbombo akashusha simu. Mzee akashuka na magongo yake kwenye ardhi safi, akaingia na Antoine nyuma yake, akaketi. Saa nane ilikuwa haijagonga.

Papa Tshibangu akainuka. Alitoka nje, akapitisha kidole kwenye bamba, akanusa. Akarudi.

"Ile lame," akasema, "inanukia nyumba yangu. Ni nani alitoa mafuta?"

Mashangazi wote wakanigeukia. Nilikuwa na uongo wangu tayari, mzuri tu, nimeshafungua mdomo. Hapo Maman Alphonsine akaingia kusalimia wageni.

Alivaa pagne, kitenge chake cha bei, kilemba kirefu, hereni za dhahabu. Na mikono, kutoka viwiko mpaka vidole, myeupe, mikavu, imechanika. Uso nao hivyohivyo. Mwanamke yule hata akienda kutupa takataka anang'aa. Leo, posa ya binti yake, mbele ya wakwe na mbele ya simu ya wifi yake, amepauka. Akapiga goti kwa Papa Ghislain, kisha akampa Antoine mkono ule. Mimi niliyemwita mjinga nikatamani sakafu inimeze.

"Alphonsine," akasema mumewe. "Ulitoa yote?"

"Mutoto wangu anaomba njia leo," akajibu. "Ngozi nitapakala kesho."

Papa Tshibangu akaitazama mikono ile. Kisha akaingiza vidole kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, akatoa kikopo kidogo cha vaseline. Alikuwa nacho muda wote, mzee yule, na kizima. Akamketisha mkewe kando yake, akaushika mkono wake wa kulia, akaanza kuupaka kidole kwa kidole, mbele yetu sote.

"Bon," akasema bila kuinua macho. "Mukubwa wa bageni aseme. Na mutu aende kumuita Océane."

Papa Ghislain akakohoa, akaanza.