Nakala ya Walisema Iko Kwako

Unayo. Usigeuze shingo, unayo. Ni ile CD uliyopewa na dereva wa lori pale Makambako, au uliyoikuta kwenye kiti cha basi la Songea, juu imeandikwa kwa wino mzito: WALISEMA. Uliitia kwenye redio, haikuimba, ukasonya. Kisha ukaitundika kwenye kioo cha gari ing'ae, au shambani kwenye uzi ifukuze ndege wasile ngano. Na siku ile mwanamke alipopita stendi akipaza sauti, "Nani ana ile CD?", ulitazama pembeni kama mtu anayetafuta basi lake.

Basi tulia usikie ulichokitundika.

Mwanamke huyo ni Bertila Haule, mwenye kibanda cha steshenari Njombe mjini, cha kupiga chapa na kutoa fotokopi. Kwao ni Ilingama, kijiji cha upande wa Ludewa kilichokaa juu ya makaa ya mawe. Wapo wanaodhani kukaa juu ya makaa ya mawe ni bahati. Waende wakakae wao.

Mwaka 1994, mahindi yakiwa yanavunwa, baba yake Bertila, mzee Tarsis, alikuwa ameshachoma matofali ya nyumba. Matofali mekundu, yanalia ukiyagonga. Ndipo ikaja Land Rover, akashuka afisa mwenye koti la bluu, akatafuta mahali pa juu pa kusimama. Pa juu palikuwa mahali pamoja tu, rundo la matofali ya mzee Tarsis. Akapanda hapo hapo, na viatu vyake, akasema, "Ndugu wananchi, mgodi unakuja. Kuanzia leo asijenge mtu nyumba ya kudumu, asipande mtu miti. Atakayejenga hatalipwa fidia. Vumilieni kidogo."

Wakavumilia. Soko huria likaja, viwanda vikauzwa, mashamba ya serikali yakauzwa, kila msimu wakaja wageni wengine na kofia ngumu na ramani nyingine, nao wakasema, "Vumilieni kidogo." Mzee Tarsis alifia kwenye nyumba ya udongo, mlango wake unatazamana na rundo la matofali yaliyoota kuvu ya kijani. Bertila aliosha maiti ya baba yake huku akiyaona matofali yale. Hajasahau, na hana mpango wa kusahau.

Ndiyo maana Mwalimu Festo alipomletea habari ya tovuti, Bertila aliidaka haraka. Festo ni mtoto wa Ilingama aliyekuwa akifundisha sekondari Makambako. Katika semina moja alijifunza namna ya kutengeneza tovuti ya aina ya wiki, ambayo msomaji yeyote, popote alipo, anabonyeza "hariri" na kuongeza analolijua au kusahihisha la mwenzake. Na kila kinachobadilishwa kinabaki kwenye historia ya ukurasa: nani kaandika, lini, na kabla yake palisomekaje.

Wakaiita Walisema. Kila mgeni aliyewahi kuja Ilingama kutoa ahadi alipewa ukurasa wake. Watu wa Ilingama waliotawanyika Songea, Mbeya na Dar es Salaam wakaanza kuandika, na kubishana kwelikweli.

"Alivaa koti la kijani," aliandika mmoja kutoka Songea.

"Bluu. Wewe ulikuwa umelewa ulanzi," akajibu mwingine kutoka Mbeya.

Ikabidi shangazi Idda, ambaye kompyuta anaiogopa kama nyoka, asafiri hadi Njombe amsimamie Bertila begani. "Andika: lilikuwa la bluu mbele, mgongoni limepauka mpaka limekuwa kijani. Nilikaa nyuma yake mimi. Umeandika? Soma nisikie."

Tovuti nzima iliishi ndani ya kompyuta moja, chini ya kaunta ya intaneti kafe ya Mansoor, Makambako, karibu na njia panda. Mansoor alikuwa na dishi la setilaiti na jenereta, na aliwaambia, "Mashine yenu ikae tu, haili wali." Ikakaa, ikiwaka usiku na mchana.

Na mwaka 2006 ikatoka barua: wathamini wanakuja Ilingama kuandika fidia. Watathamini kilichosimama. Nyumba ya udongo italipwa kama nyumba ya udongo, na rundo la matofali halimo. Wenye hoja waje na ushahidi mkutanoni.

"Ushahidi tunao," alisema Bertila. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, alicheka.

Alhamisi ya kabla ya mkutano, Mansoor akapiga simu.

"Dada Bertila, kesho kabla ya swala ya Ijumaa naizima hiyo mashine yenu."

"Unaizima, au unazimishwa?"

Mansoor alikohoa. "Kuna bwana kaja. Kauliza leseni yangu, kauliza dishi langu, kauliza hata choo cha wateja. Halafu akauliza Walisema."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia mimi nauza muda wa intaneti, maneno siuzi. Akasema maneno yakizimika, choo changu kitaonekana kisafi. Na mashine ataichukua. Dada, mimi mgeni hapa. Wazee wangu walikuja na biashara, tukifungiwa hatuna shamba la kurudia."

Bertila hakumtukana. Alikata simu, akavuta kisanduku cha disketi alizokuwa akiletewa na Mwalimu Festo kwa basi kila mwisho wa mwezi, nakala za tovuti. Akatia ya kwanza kwenye kompyuta yake. Haikufunguka. Ya pili vivyo hivyo. Akampigia Festo.

"Mwalimu, humu kwenye disketi uliweka nini?"

"Walisema yote! Nabonyeza kale kapicha kwenye kioo, nanakili, nabandika kwenye disketi."

"Kapicha gani?"

"Kale ka kufungulia. Kenye kinyumba."

Bertila akafumba macho. "Mwalimu, kale kapicha ni mlango tu. Mwaka mzima unaniletea milango. Nyumba umeiacha Makambako."

"Eti? Lakini hata mimi nilishangaa, tovuti nzima inaenea kwenye disketi moja!"

"Ulishangaa ukanyamaza!"

Na kule Songea na Mbeya je? Akawapigia. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba nakala anayo mwenzake. Watu wote wale waliobishania koti hawakuwa na hata nakala moja.

Asubuhi ya Ijumaa Bertila alipanda basi la kwanza, ukungu haujainuka. Alipoingia kwa Mansoor, yule afisa aliyemtisha Mansoor alikuwa ameshafika. Kijana mnene, suti mpya, soda mkononi, amekaa kama mtu aliyekuja kungoja mzigo wake. Nyuma ya kaunta alikuwepo Safina, mdogo wake Mansoor, kazini kwake kama kawaida: kuwachomea madereva CD za taarabu na bongo fleva.

"Kamwene," alisalimu Bertila kwa sauti ya kusikika na wote. "Safina, mdogo wangu, nichomee CD. Nataka Walisema yote. Kurasa, na historia ya kila ukurasa. Usiniletee kapicha."

Afisa aliweka soda chini. "Mama, hiyo mashine inazimwa."

"Najua. Ndiyo maana nimewahi."

"Nimesema inazimwa!"

Mansoor alitazama sakafu. Safina ndiye aliyejibu, macho yake hayajatoka kwenye kioo. "Kaka kasema atazima kabla ya swala, bwana afisa. Swala bado. Na kuchoma CD kuna leseni yake, ile pale ukutani. Jana umeisoma mpaka mhuri."

Mteja mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Afisa akarudia soda yake.

CD ya kwanza ikatoka ya moto. Bertila akaishika kwa kingo. Safina akauliza, "Moja tu?"

Hapo Bertila akakumbuka viazi. Ilingama, baada ya kuvuna, hakuna mwanamke anayeweka viazi vyote vya mbegu kwenye dari yake. Tenga moja anampelekea mtu wa ng'ambo ya mto, la pili mtu wa upande wa kilima, nao wanamletea yao. Ugonjwa ukiingia dari hii, mbegu inarudi kutoka dari ile. Shangazi Idda amefanya hivyo maisha yake yote. Na wao, watoto waliosoma, walikuwa wameweka tenga lote chini ya kaunta moja.

"Choma mpaka CD ziishe," alisema.

Zikachomwa. Safina akiandika juu kwa kalamu ya wino mzito, Bertila akitoka nazo hadi barabarani kwenye malori. Dereva mmoja aitwaye Abdulatif, mwenye semi ya mahindi ya kwenda Tunduma, akaigeuzageuza yake. "Taarabu hii?"

"Mipasho mikali zaidi ya taarabu. Ihifadhi, kaka yangu. Tutakuja kuiulizia."

"Nani kapashwa?"

"Serikali."

"Nipe mbili!"

Zilikwenda Songea, zilikwenda Mbeya, zilikwenda Iwawa kule Makete kwenye magunia matupu ya viazi, na nyingine abiria walipewa wakazisahau kwenye viti. Bertila hakuuliza mtu jina. Adhana ilipokaribia, Mansoor akainama chini ya kaunta, akazima. Alitimiza neno lake. Afisa akatoka na mashine kwapani, waya unaburuta vumbini nyuma yake, na hakuna aliyemwambia auinue.

Mkutano Ilingama ulifanyika uwanja wa shule. Yule yule kijana mnene alisimama mbele, safari hii juu ya meza.

"Hakuna aliyewakataza kujenga," alisema. "Nimetafuta kwenye mafaili, hakuna. Mlikuwa na miaka kumi na mbili. Mtu asiyejenga kwa uvivu wake, serikali imlipe nini?"

Uvivu! Bertila alisimama na kurasa alizochapa kutoka kwenye CD yake, akasoma: siku ile, koti lile, rundo lile la matofali, maneno yale. Watu wakaitikia. Afisa akangoja wanyamaze.

"Mama, wewe una kompyuta?"

"Ninayo."

"Una printa?"

"Ninayo."

"Basi umeyaandika jana, nyumbani kwako." Akawageukia watu. "Mnaona? Kompyuta yake, printa yake, mdomo wake."

Uwanja ukapoa. Bertila aliona majirani wakikwepa macho yake, watu wazima waliokuwepo siku ile, wakitazama vidole vya miguu. Mmoja aliyeogopa kukosa hata fidia ya udongo akanong'ona, "Kaa chini, binti, utatuponza."

Hakukaa. "Kweli," alisema. "Nakala yangu una haki ya kuikataa. Lakini CD hizi zikishachomwa hazifutiki wala haziongezwi neno, na nyingine nimeziachia barabarani, kwa watu nisiowajua hata sura. Zikirudi kutoka Tunduma na Songea na Makete, zikasema neno moja, utasema kaandika nani? Mimi nina midomo mingapi?"

Afisa alicheka. "Zilete. Daftari la uthamini linafungwa mwezi huu ukiisha. Zilete tuzione."

"Umesema?"

"Nimesema!"

"Mtendaji wa kijiji, andika kwenye muhtasari," alisema Bertila. "Amesema tuzilete. Na wenzangu mliokuwa mnatazama chini, angalieni huku. Amevaa suti gani?"

"Nyeusi!" wakapaza.

"Na mgongoni?" akauliza Idda, akazunguka kwenda kutazama, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Kijana akashuka mezani mwenyewe.

Huo ni ukurasa mpya wa Walisema, nao upo hewani. Mansoor alinunua mashine nyingine, akaoga, akavaa kanzu, akaipakia tovuti kutoka kwenye CD iliyobaki kwa Safina. "Waje wakague," anasema. "Choo changu sasa kisafi kuliko ofisi yao." Mwalimu Festo kila Jumamosi anachukua nakala, na kila Jumamosi Safina anamfungulia mbele ya macho yake na kumuuliza, "Mwalimu, huu ni mlango au nyumba?"

Lakini hewani hapatoshi. Afisa ameshasema kilicho hewani kimeandikwa jana. Kinachotakiwa ni zile za barabarani. Abdulatif alirudisha yake ikiwa ndani ya soksi. Moja imekuja kutoka Iwawa, imetafunwa na mbuzi ukingoni. Nyingine bado. Bertila amefunga kibanda, anashinda stendi ya Makambako, baridi inampiga, sauti imemkauka, na mwezi unakwisha. Kule Ilingama matofali ya mzee Tarsis yanangoja yahesabiwe au yaitwe uvivu.

Kwa hiyo nenda. Kata ule uzi. Ipanguse CD kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Kama una kompyuta au jirani anayo, inakili ubaki na yako, umpe na mtu wa ng'ambo. Yenyewe, hiyo yenye maandishi ya Safina, ipeleke Makambako kwa Mansoor, au mpe dereva yeyote anayepita njia panda, mwambie ni ya Bertila, kisha useme jina lako na ulikoipata. Usingoje kesho, usingoje jirani aanze. Wote waliongoja jirani aanze walikutwa hawana hata moja.

Ndege watakula ngano yako kidogo. Waache wale. Ishushe sasa hivi.