Tuzo Haichimbi Kaburi

Nimechoka, jamani. Nimechoka na mvua, na msiba, na kuulizwa kama mimi ndiye mdogo wake Delphia, yule mwandishi. Haya, ndimi. Riwaya saba kaandika, zote za bonde letu hili la Kentucky, na ile ya tatu ikampa tuzo kubwa. Ndani yake mna mlevi anayelala fofofo kwenye kaburi alilokuwa akichimba. Bonde zima lilijua ni Hobart, jirani yetu. Tangu hapo Hobart akawa hamsemeshi dada.

Sasa mama amefariki, na huku kwetu kaburi huchimbwa na majirani. Hawaitwi wala hawalipwi, wanakuja wenyewe. Asubuhi ya maziko tulikaa barazani tukiitazama njia, mimi na mgongo wangu mbovu, dada na kahawa iliyopoa. Hakuja mtu.

"Ervin, nipige simu waje watu wa kulipwa na tingatinga?"

"Thubutu! Utangaze kwamba mama hakuwa na majirani?"

"Nisiye nao ni mimi. Mama anaponzwa na vitabu vyangu." Akalia. Sikuwa na nguvu hata ya kumbembeleza.

Mara Hobart akatokea, sururu begani, wanawe wawili nyuma na toroli. Akapita mbele yetu bila salamu, akapanda kilimani, kwenye makaburi yetu.

Mchana Delphia akawapelekea maharage na mkate wa mahindi, nami nikamfuata. Wakala, maana chakula cha mfiwa hakikataliwi.

"Ahsante, Hobart."

"Usinishukuru. Nimemjia mama yako."

"Najua. Na siku yangu ikifika, utakuja?"

"Waite waliokupa tuzo. Si wana mikono?"

Dada akakusanya sahani, akashuka polepole kama mgonjwa. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia pia.

Nikabaki kuwatazama. Vijana walikuwa shimoni, na mzee akisukuma toroli la udongo hadi upande wa juu, kwenye mawe, huku akihema. Upande wa chini, ubavuni mwa kaburi la mama, palikuwa tambarare na patupu.

"We mzee, utatufia hapa! Si umwage hapo chini?"

Akasimama, akajifuta jasho.

"Hapo sipachafui. Hapo ni pa dada yako." Akashika tena toroli. "Na ole wako umwambie. Ataandika."