Kikohozi cha Mzee Asajile

Ng'ombe wa Nancy alikuwa auzwe Jumamosi, na mimi ndiye niliyemwita Husseini mwenye bucha. Ng'ombe gani anakula, anazaa, halafu anabana maziwa? Nancy, mke wa mwanangu Eliud, alilia. Ng'ombe yule alipewa na baba yake, akamvusha mpaka wa Malawi pale Kasumulu mwaka ule biashara zilipofunguliwa na sabuni zikarudi madukani.

Kila alfajiri ilikuwa hivyo hivyo. Nancy akianza kukamua, mume wangu Asajile anakohoa nje. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemezani, na mzee mwenye adabu hukohoa kabla hajapita. Asajile ana adabu nyingi na mapafu makubwa. Nancy anakurupuka na ndoo kwenda kujificha, ng'ombe anashtuka, kwisha kazi.

Ijumaa, kikohozi kilipolia, Nancy alijibanza nyuma ya ghala akamsemesha ndama kwa sauti ya darasani, maana kabla ya kuolewa alifundisha biolojia.

"Sikia, ndama. Ukinyonya, habari inapanda mpaka ubongoni kwa mama yako. Kule kuna seli zenye vifuko vya homoni. Kalsiamu inasubiri nje ya seli, kama wafanyabiashara pale Kasumulu. Mlango ukifunguliwa inaingia, vifuko vinamwaga homoni kwenye damu, ndipo maziwa yanashuka. Mama yako akishtuka, milango haifunguki. Na kikohozi kinamshtua."

Nilikuwa jikoni. Nikaziba mdomo nisicheke.

Asajile aliupa ukuta wa ghala mgongo. "Ndama, niulizie. Kuna njia nyingine ya kwenda shamba?"

"Mwambie babu yako ipo, kwenye migomba ya jirani yetu Felista."

"Ile ya tope?"

"Ndama, mwambie ndiyo hiyo."

Jumamosi hakuna aliyekohoa. Ndoo ilijaa mpaka povu likamwagika. Husseini alipofika na kamba nilimpa kikombe cha maziwa, akanywa, akaondoka na kamba yake.

Asajile alirudi na tope magotini. Alipomaliza kikombe chake alimwendea ndama. "Mwambie mwalimu, ndaga fijo, asante sana." Kule nyuma ya ghala, mwalimu alicheka.

Tangu nimeolewa namwomba mzee huyu apunguze kikohozi cha alfajiri, nilale. Kwangu kilimshinda, kwa ng'ombe amekiacha ndani ya siku moja. Nilinuna kidogo, kisha nikamchotea maji ya kuosha miguu.