Mmarekani wa Stesheni

Miao Qingyu alikuwa ameshaagwa mara mbili kwenda Marekani, na mbali kabisa alikofika ni stesheni ya treni ya mjini kwao, Baoding.

Kwao msafiri akiondoka hulishwa jiaozi, vile vimfuko vya unga vilivyojazwa nyama na kabichi. Akirudi hulishwa tambi, ili miguu ijue imefika. Mara ya kwanza Qingyu alikula jiaozi thelathini, akavuta sanduku mpaka stesheni, simu ikalia: wakubwa wa nchi mbili wamenuniana, viza za wanafunzi zimesimamishwa. Akarudi. Wakubwa wakapatana, akala jiaozi tena, wakanuna tena yeye akiwa bado kwenye foleni ya stesheni. Mtaa mzima ukaanza kumwita Mmarekani wa Stesheni.

Sasa walikuwa wamepatana mara ya tatu. Treni saa kumi jioni, na chuo kimeshaandika: asipofika kufikia Jumatatu, nafasi yake ya kusomea udongo atapewa mwingine. Saa tatu asubuhi Qingyu aliingia jikoni, akamkuta bibi yake amekaa kwenye kigoda, mikono mitupu, unga haujafunguliwa hata mfuko.

"Bibi, jiaozi vipi?"

"Sipiki. Siwezi kumuaga mtu ambaye hayupo."

Qingyu akajitazama, kuanzia ndala kwenda juu. Alikuwepo.

"Uliporudi mara ya pili ulikula nini?" bibi akauliza.

Hapo akakumbuka. Alirudi amefura kwa hasira, akajifungia chumbani, akala wali wa jana na biskuti.

"Tambi hukula," bibi akasema. "Kwa hiyo kwangu mimi bado uko safarini. Jiaozi juu ya jiaozi, miguu itajuaje kama inakwenda au inarudi? Ndiyo maana na wale wakubwa wamechanganyikiwa."

"Bibi, wakubwa hawajui mimi nilikula nini."

"Umewauliza?"

Qingyu alikuwa na shahada ya sayansi, yenye mhuri kabisa. Alitaka kubisha, akatazama saa ya ukutani, akaghairi.

"Basi nipikie hizo tambi."

"Tambi ni za anayefika. Wewe umesimama jikoni kwangu. Nenda kwanza, halafu urudi."

Akaburuta sanduku kushuka ghorofa nne mpaka getini, ambako Babu Fang, mlinzi, alikuwa anamenya karanga.

"Mmarekani, leo mapema. Wamenuna tena?"

"Hapana, babu. Narudi."

"Kutoka?"

"Marekani."

Babu Fang akazitazama ndala za Qingyu. "Huko wanavaa hivyo?"

"Maisha magumu."

"Na mimi umeniletea nini?"

Qingyu akapekua mfuko, akatoa peremende. Babu Fang akaigeuza, akasoma karatasi yake taratibu. "Imetengenezwa Baoding."

"Wananunua kwetu, babu. Ndicho hicho wanachonunia."

Babu Fang akaitia mdomoni na kumfungulia geti kama mgeni rasmi. Juu, bibi alimpokea mlangoni, akamshika mashavu. "Umekonda," akasema, na kumwekea bakuli la tambi lenye mayai mawili. Bakuli lilipokwisha, akafungua mfuko wa unga.

Saa nane Qingyu alikuwa kwenye jiaozi ya kumi na moja simu ilipotetemeka. Ni kundi la wanafunzi wenzake: *Jamani, mmesikia? Kuna tangazo jingine linakuja.* Ile ya kumi na moja ikamkwama kooni.

Bibi akaichukua simu na kuidumbukiza kwenye mfuko wa unga.

"Bibi!"

"Umekula ngapi?"

"Kumi na moja."

"Basi umeshaondoka. Aliyeondoka habari za huku zinamhusu nini? Meza."

Simu alirudishiwa mlangoni mwa treni. Chaji ilikuwa imekwisha na tundu lake limejaa unga, haikuwaka ng'o. Ndivyo Qingyu alivyovuka nusu ya dunia bila kujua kama wakubwa wanasemeshana, huku wenzake kwenye ndege wakichungulia simu zao na kuuma kucha.

Kwenye uwanja wa ndege wa huko, ofisa alizikagua karatasi zake moja moja. Halafu akaiona simu.

"Huu unga mweupe ni wa nini?"

"Wa bibi yangu."

Ofisa akainua nyusi. Qingyu akaanza kueleza jiaozi, akaeleza na tambi, akafika mpaka kwenye wali wa jana. Foleni nyuma ikaanza kukohoa. Ofisa akagonga mhuri, nadhani ili anyamaze.

Bwenini akaisafisha simu kwa sindano, akapiga nyumbani.

"Umekula tambi?" bibi akauliza, hata salamu hakuna.

"Nakula sasa hivi. Za kikombe, zile za kumwagia maji ya moto."

Bibi akapima kwanza. "Za kikombe ni nusu. Hapo mguu mmoja tu ndio umefika."

Qingyu akavaa ndala zake, akatoka kwenda kuutafutia mguu wa pili tambi za kupikwa.